Jiko la Nakiete Katika Nchi ya Kijicho

Njia ya kufikia nchi ya Kijicho msiniulize. Mtu akiwa na jambo linalomkereketa moyoni hufika tu, na baadhi yenu mmeshafika mkarudi bila kugongewa pasi. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho na niliyoyasikia barazani. Kusikiliza sikufundishwa na mtu: nimekulia Buguruni, nyumba ya wapangaji, kuta nyembamba, na kila chumba kina habari yake.

Tulikwenda wawili. Mwenzangu alikuwa Nakiete, binti wa Kipare kutoka Usangi, tuliyesoma naye darasa moja la usanifu wa bidhaa. Hiyo ni elimu ya kukifikiria kitu kabla hakijatengenezwa: kitashikwaje, kitavunjikia wapi, na kikishavunjika kitakwenda wapi. Mwaka ule walimu walikuwa na wimbo mmoja, uendelevu. Yaani tutengeneze vitu bila kuimaliza dunia na bila kuijaza takataka. Ndipo likaja tangazo kutoka Kijicho: atakayeleta jiko bora la mkaa, jiko lake litatengenezwa kwa kila nyumba ya nchi ile, na jina lake litachongwa kwenye lango la mji mkuu. Atakayeshindwa, jiko lake litazikwa kule kule, naye ataapishwa asilitengeneze tena maishani.

Nilitaka jina langu likae pale langoni. Siwema binti Mahadhi, kwa herufi za kuchonga. Nilitaka hadi mate yakawa machungu.

Na jiko langu lilikuwa zuri, sijisifu. Nililivika mianzi kiunoni, nikalipaka rangi ya jani changa la mgomba, nikaandika ubavuni "Rafiki wa Mazingira". Mianzi ilishikwa kwa gundi, na gundi ile ikishapata moto hunuka kama nywele zinazoungua, lakini nani ananusa jiko la maonyesho?

La Nakiete lilikuwa jeusi, fupi, limekaa kama mtu aliyenuna. Sasa sikilizeni ubaya wake. Jiko la kawaida udongo wa ndani ukipasuka, unalitupa jiko zima, bati na miguu yake. Yeye udongo aliufanya vipande vitano, kama vipande vya chungwa, kila kimoja kimeshikwa na ulimi mdogo wa bati uliokunjwa. Hakuna gundi, hakuna msumari. Kipande kimoja kikipasuka, unakunjua ulimi wake, unakitoa, unaweka kingine, na chai inaendelea. Siku tulipoyaonyesha darasani, jiko langu mwalimu alilisifu pale pale. La Nakiete alilishika, akalizungusha, akanyamaza muda mrefu. Mtoto wa mjini haambiwi: sifa ya haraka ni adabu tu. Kile kimya ndicho kilichoniondolea hamu ya kula.

Mji mkuu wa Kijicho unaitwa Tamaani. Juu ya lango lake wamechonga, "Kipya kinyemi." Nilimwambia bawabu kwamba kwetu methali hiyo ina mkia: "ingawa kidonda." Akanitazama kwa huruma, akasema mkia huo waliukata zamani, ulikuwa unaharibu biashara.

Pale watu hawaulizani hali. Mmoja husema, "Nakuhusudu," mwenzake akajibu, "Nami nakuhusudu zaidi," wakaachana kwa furaha. Na sheria mama ya nchi ile ni fupi, kila mtoto anaijua kwa moyo: kitu kinaishi maadamu kuna jirani anayekionea wivu, wivu ukiisha, kitu kimekufa, na maiti haikai ndani. Basi kila msimu hupita maofisa waitwao Wapima Macho. Hukalisha majirani kwenye benchi uani, vyombo vya nyumba hupitishwa mbele yao kimoja kimoja, na Mpima huwachungulia macho kwa kioo kidogo cha mkononi. Jicho likijikunja pembeni, kitu ki hai. Likibaki bapa kama la samaki wa jana, ofisa hutandaza kitambaa cheusi juu ya chombo, wenyeji huinamisha vichwa, na mkokoteni wa mazishi unangoja nje. Niliona kwa macho yangu ikizikwa feni iliyokuwa bado inazunguka.

Maziko yote hufanywa mahali pamoja, na mahali hapo pamekuwa mlima. Wanauita Mlima Jana. Umekua hadi unaziba jua, na Tamaani huwasha taa mara baada ya adhuhuri. Nilidhani hilo litawasumbua. Wapi! Wameunda Wizara ya Kijani, na kazi ya wizara hiyo ni kuupaka mlima rangi ya kijani, kutoka shinani hadi kileleni. Makopo matupu ya rangi hutupwa mlimani, kwa hiyo mlima huongezeka, kwa hiyo hupakwa tena, na waziri huhesabiwa kuwa mchapakazi. Nakiete, ambaye ukitaka neno lake lazima ulivute kwa kamba, aliutazama mlima ule akasema, "Umefanana na jiko lako."

"Rangi tu," nikamwambia.

"Ndicho nilichosema. Rangi tu."

Hivyo ndivyo alivyo. Anakaa kimya kutwa, akifungua mdomo anakuchoma, halafu anarudi kwenye kimya chake kama mwenye duka aliyefunga mlango.

Tulifikia kwa Bi Kidawa, mjane mnene mwenye sauti ya harusini. Nyumba yake ndiyo iliyonipa raha katika nchi ile, maana haikauki watu. Alasiri wanawake huja na kahawa yao na habari zao, wanakaa mpaka viatu vinajaa kizingitini. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshajua nani kamwacha nani na kwa sababu ya kabati gani.

"Shikamoo Bi Kidawa," nilimwamkia asubuhi, kwa kuwa desturi ya nyumbani haitoki.

"Marahaba mwanangu, lakini hapa ukiniamkia hivyo watu watadhani sina kitu cha kuhusudiwa."

"Na waume nao hupimwa?" nikamuuliza alasiri, barazani.

Wanawake wote waliangua kicheko. "Sheria ilipitishwa," akasema Bi Kidawa akipangusa machozi, "ikafutwa wiki ile ile. Mlima ungefika mbinguni."

Lakini kicheko kilipokwisha alinionyesha ukuta wa jikoni. Palikuwa na msumari mtupu. Hapo ndipo kilipotundikwa kibao cha mbuzi cha mama yake, alichokunia nazi tangu akiwa mwari. Majirani walimpenda, wakakubaliana siku ya kupimwa wajifanye wanakionea wivu. Wakakunja macho, wakameza mate, mmoja hata alijipiga kifua. Kioo cha Mpima hakidanganyiki. Kibao kilikwenda mlimani, na wale majirani wakahukumiwa kosa la wivu wa kughushi, wakakalishwa kutwa wakitazama ukuta.

"Na majiko ndiyo usiseme," akaendelea. "Nazika jiko kila msimu. Nikilizoea tu, linakufa. Sijawahi kupika pilau mbili za Maulidi kwenye jiko moja." Akamgeukia Nakiete. "La kwako hilo, mama, nimelitazama. Naomba Mungu lipite. Nataka nizeeke na chombo kimoja angalau."

Lile langu la mianzi alikuwa amelisifu jana yake, tena kwa haraka. Nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Kabla ya shindano tulitembezwa chuo chao cha usanifu. Idara kubwa kuliko zote ni ya Ufifishaji. Huko vijana hufundishwa rangi ya kuanza kuchujuka mara mnunuzi akishafika nyumbani, na mpini wa kulegea majirani wakishauzoea. Mkuu wa idara, bwana mpole mwenye kanzu iliyopauka upande mmoja, alituambia kwa fahari kwamba mwanafunzi wake bora alibuni kiti kinachochakaa usiku wa kuamkia Idi. "Si mapema, si baadaye," akasema. "Hiyo ni kazi ya mikono yenye subira." Nakiete alitaka kujua kama huwa wanabuni kitu kinachodumu. Yule bwana akakuna kidevu. Walijaribu, akasema, lakini aliyekibuni alikosa kazi.

Tukapelekwa pia kwenye Baraza la nchi, na tulikuta mjadala umepamba moto. Hoja ilikuwa kupiga marufuku parafujo, yaani skrubu. Mheshimiwa mmoja, mwanamke wa makamo mwenye bangili hadi kiwikoni, alisimama na kusema maneno ambayo sijayasahau: "Kitu chenye parafujo kinafunguka. Kinachofunguka kinazoeleka. Kinachozoeleka kinapendwa. Na kinachopendwa, waheshimiwa, hakihitaji tena wivu wa jirani! Mnataka nchi isimame juu ya nini?" Wakapiga meza. Mwingine akauliza vitu vitashikwa na nini. "Gundi!" wakajibu kwa pamoja. Hoja ikapita. Ya pili ilihusu Mlima Jana, kama mwaka huu upakwe kijani cha mchicha au kijani cha embe bichi, na hiyo ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ilihusu mazingira.

Nikawa najisemea moyoni, Siwema, hii ni nchi yako. Hawa watu jiko la Nakiete hawataliona hata kama lipo mbele yao.

Siku ya shindano uwanja ulijaa. Benchi la majirani lilikuwa refu, na mbele yake alisimama Mpima Mkuu, Bwana Mwinjaka, mrefu, mkavu, kioo kimening'inia shingoni kwa uzi wa hariri. Wageni tuliketi jamvini upande wa kuume, Bi Kidawa katikati yetu akinuka karafuu.

Langu lilipitishwa kwanza. Enyi jamaa! Shingo zilizunguka kama za kuku walioona mtama. Macho yalijikunja, mmoja akamfinya mumewe, mwingine akasema kwa sauti, "Na mimi je?" Bwana Mwinjaka hakuhitaji hata kuinua kioo. Nilijiona kwenye lango, herufi kwa herufi.

Likaja la Nakiete. Lilipita benchi lote, na hakuna jicho lililojikunja. Mtu mmoja alipiga mwayo. Mtoto akauliza kama hiyo ndiyo sufuria ya mbwa.

Bwana Mwinjaka alichukua kitambaa cheusi. Kwa sheria yao, kabla ya kukitandaza lazima ofisa aulize mara moja, na aliuliza: "Kuna jicho lililobaki?" Akaanza kupita kwa wageni na kioo chake.

Nikafumba macho.

Hilo nililijua kutoka barazani kwa Bi Kidawa: jicho la mgeni halifumbuliwi kwa nguvu, ni kuvunja heshima ya nchi. Ningekaa vile mpaka kitambaa kishuke, basi. Jiko la Nakiete lingekwenda mlimani, angeapishwa, na kile kimya cha mwalimu hakingenisumbua tena. Nilifumba hadi nikaona nyota. Nilisikia viatu vya Bwana Mwinjaka vikisimama mbele yangu.

"Huyu amelala?" akauliza.

"Siwema halali," akasema Nakiete kwa sauti yake ile kavu. "Anapiga hesabu zake."

Kando yangu nilisikia pumzi ya Bi Kidawa, nzito, na karafuu.

"Haya," akasema Bwana Mwinjaka, akamgeukia karani wake ili maiti iandikwe kabla ya kuzikwa, kama ilivyo desturi. Akaanza kumsomea, polepole: "Jiko jeusi. Halina sifa. Limeletwa likiwa limekwisha pasuka ndani, vipande vitano."

Limepasuka!

Kumbe ndivyo walivyoliona. Katika nchi ambayo hakuna kitu kinachofunguka, walitazama vile vipande wakadhani ni nyufa. Hawakulikataa kwa kuwa hawakulipenda. Walidhani limevunjika tangu mwanzo. Adui yangu nimemchagua mwenyewe, kwa kumpima, kwa kukosa usingizi juu yake. Siwezi kukaa nikamsikiliza mtu asiyejua kitu akimtukana.

"Halijapasuka!" Nilikuwa nimeshasimama, na macho yalikuwa wazi. "Vimeachanishwa makusudi, bwana wee! Tazama huo ulimi wa bati. Mnauona ulivyokunjwa? Umekunjwa mara mbili ili ukipata moto usinyooke. Mimi ningekunja mara moja, na ungenyooka. Na hizo kingo za udongo, zimelazwa mshazari ili kipande kimoja kimbane mwenzake, ndiyo maana halitaki gundi. Mnadhani hilo ni jambo dogo? Mimi nimelijaribu hilo chumbani kwangu kwa siri, likanishinda! Kipande kimoja kikifa, vinne vinaendelea kupika. Bati halitupwi. Miguu haitupwi. Mama anazeeka nalo, mwanawe anarithi. Na huyu, huyu asiyeongea, ndiye aliyeliwaza, tena nafikiri aliliwaza akiosha vyombo, maana ndivyo alivyo, hatoki hata jasho!"

Nilikuwa nalia, na si kwa huruma.

Bwana Mwinjaka alininyanyulia kioo usoni. Akakisogeza. Akakipangusa kwa kanzu yake, akatazama tena, kisha akawaita wenzake. "Njooni muone," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonyeshwa mwezi mwandamo. "Tangu niapishwe sijaona jicho la namna hii. Limejikunja mpaka kwenye mzizi."

Na husuda, jamaa, inaambukiza kuliko mafua. Benchi zima lilikuwa limenisikia. Mmoja akanyoosha shingo alitazame vizuri. Wa pili akasogea kumzuia wa kwanza. Ilipomfikia yule aliyepiga mwayo, tayari alikuwa akiuliza kwa nini jirani yake alione kabla yake. Jiko la Nakiete lilipitishwa mara ya pili, na safari hii walinzi walilazimika kushikana mikono. Kisha likapitishwa tena langu la mianzi, ili haki ionekane. Macho yalibaki bapa.

Kitambaa cheusi kilikuwa bado mkononi mwa Bwana Mwinjaka. Alikitandaza juu ya "Rafiki wa Mazingira", nami nikaapishwa hapo hapo, mkono juu ya mianzi.

Wakati tunatoka uwanjani Nakiete alitembea kando yangu kwa muda. "Ulilijaribu chumbani kwako?" akaniuliza.

"Usinisemeshe."

"Kona ya mshazari ndiyo ngumu," akasema. "Mimi pia ilinishinda mara nyingi." Sijui mpaka leo kama alikuwa ananiliwaza au anaringa. Nadhani alikuwa anaringa.

Alirudi nyumbani baada ya jina lake kuchongwa. Mimi nilibaki kidogo kwa Bi Kidawa, kwa kuwa sikuwa na haraka ya kusikia nyumbani wanavyomshangilia mtu. Na nilibaki nikaona lililofuata, ambalo yeyote angeweza kulitabiri. Jiko likatengenezwa kwa kila nyumba, kama ilivyoahidiwa. Na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa nalo, hakuna aliyelionea wivu la jirani. Msimu wa kupimwa ulipofika, mikokoteni ilipanga foleni mtaani. Watu walitoa majiko yenye afya, hayajapasuka hata kipande, wakayafunika vitambaa vyeusi. Idara ya Ufifishaji ilikuwa tayari imeandaa toleo la pili, la gundi, lenye vipande vitano vilivyochorwa kwa rangi. Wizara ya Kijani ikaagiza makopo mengine.

Wapima Macho walifika kwa Bi Kidawa asubuhi, Bwana Mwinjaka mwenyewe akiwa mbele. Majirani wakakaa benchini, wakijikuna. Jiko likaletwa likiwa limekolea masizi. Kipande kimoja kilikuwa kimepasuka wakati wa Maulidi, na Bi Kidawa alikibadilisha mwenyewe; kipya kilikuwa chekundu, kimekaa kati ya vile vinne vyeusi kama jino la dhahabu. Alikuwa amelipikia pilau moja, akiingojea ya pili. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya kanga.

Kioo kilipita benchi lote. Macho bapa, mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kikakunjuliwa.

"Kuna jicho lililobaki?"

Niliogopa, nasema kweli. Nimekula chakula cha jiko lile, nimeota moto wake, nimepiga soga mbele yake. Nilidhani nimeshalizoea, na mtu haonei wivu alichokizoea. Nilichuchumaa nikalitazama. Nikatazama kile kipande chekundu. Mwanamke asiyewahi kukanyaga darasa la usanifu alikuwa amekikunjua na kukirudisha kwa vidole vyake, bila kuelekezwa na mtu, kwa sababu Nakiete alishaviwazia vile vidole kabla havijafika. Kabla yangu. Akiosha vyombo.

Bwana Mwinjaka aliinama na kioo chake. Alikaa nacho usoni pangu muda mfupi tu, kisha akaanza kukunja kitambaa, pembe kwa pembe.

"Li hai," akamwambia karani.

Bi Kidawa alikuja akanishika kichwa kwa mikono yake miwili yenye harufu ya karafuu.

"Mwanangu," akasema, "Mola akuzidishie roho mbaya."

Nikaitikia, amina.